Kipandauso na Vichochezi Vyake: Kipi Huanzisha Shambulio, Kipi Husingiziwa

Kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa neva unaokuja kwa mashambulio. Kichwa hugonga, mara nyingi upande mmoja, na maumivu yasipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Mgonjwa hupata kichefuchefu au hutapika, mwanga na kelele humkera, na hata kupanda ngazi humzidishia maumivu. Shambulio likishapita, hurudia shughuli zake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2016 yaliweka idadi ya wagonjwa duniani juu kidogo ya bilioni moja, wanawake wakiwa mara mbili hadi tatu ya wanaume, na wengi wao wakiwa katika umri wa kusoma, kuzaa na kufanya kazi. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe huja na kuondoka, kila mgonjwa hujiuliza umeletwa na nini, na majibu anayopewa na ndugu, majirani na hata wahudumu wa afya huwa mengi: chokoleti, jua, mawazo, manukato, baridi. Baadhi ya majibu hayo ni ya kweli. Mengine humfanya aache vitu visivyo na kosa huku kile kinachomuumiza kikiendelea.

Kichochezi si chanzo. Chanzo cha kipandauso ni maumbile ya ubongo ambayo kwa sehemu kubwa hurithiwa, ndiyo maana ugonjwa huu huonekana kwa mama, binti na mjukuu. Majaribio ya Denmark yameonyesha jambo hili waziwazi. Nitrogliserini, dawa inayotumiwa na wagonjwa wa moyo, ilipotiwa kwa dripu kwa watu wasio na kipandauso, waliumwa kichwa kidogo kikapoa. Walipotiwa wenye kipandauso, wengi walipata shambulio kamili saa kadhaa baadaye. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa CGRP, protini inayotolewa na neva ya trijemina, neva inayohudumia uso na utando unaofunika ubongo. Kichocheo ni kimoja, mwili ndio tofauti. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kwamba amejiletea maumivu kwa kula au kuwaza kupita kiasi hana haki, na huongeza aibu juu ya maradhi.

Kila mgonjwa ana kizingiti, yaani kiwango ambacho vichochezi vikikivuka shambulio huanza, na kizingiti hicho hakikai mahali pamoja. Mwanamke aliyelala vizuri na kula kwa wakati anaweza kushinda juani sokoni asipate lolote. Wiki mbili baadaye, hedhi ikikaribia, akiwa amelala kwa muda wa saa nne tu na kuruka kifungua kinywa, jua lile lile humwangusha kabla ya adhuhuri. Akiulizwa atasema ni jua. Ukweli ni kwamba mambo matatu yalishakula nafasi yake yote kabla hajatoka nyumbani, na katika hayo mawili yangeweza kurekebishwa. Wanaodai kwamba kichochezi fulani hakina ukweli kwa sababu hakimpati mgonjwa kila mara hukosea hapa.

Kosa la upande wa pili limeenea zaidi, nalo ni kuita kichochezi kitu ambacho ni sehemu ya shambulio lenyewe. Maumivu si mwanzo wa kipandauso. Saa kadhaa kabla yake, na wakati mwingine hadi siku mbili, huwapo hatua ya utangulizi: kupiga miayo bila usingizi, shingo kukakamaa, kukojoa mara kwa mara, kununa au kuchangamka pasipo sababu, kushindwa kukaza fikra, kutamani kitu kitamu. Mwaka 2003 utafiti uliotumia shajara za kielektroniki ulionyesha kwamba wagonjwa wanaozijua dalili zao za awali waliweza kutabiri maumivu yao kwa usahihi katika takribani asilimia 72 ya nyakati. Mwaka 2016 watafiti wa Hamburg walichapisha matokeo ya mwanamke mmoja aliyepigwa picha za ubongo kila siku kwa muda wa siku 30. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, kiu, usingizi na joto la mwili, ilibadilika utendaji wake siku moja kabla ya maumivu kuanza.

Chokoleti ndiyo iliyosingiziwa zaidi. Mtu hutamani kitu kitamu kwa sababu shambulio limeshaanza ndani ya ubongo, anakula, saa chache baadaye kichwa kinauma, na chokoleti inabeba lawama. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, wanawake 63 wenye maumivu ya kichwa ya kujirudia walipewa chokoleti au karobu, tunda linalofanana nayo kwa ladha, bila wao wala watafiti kujua nani amepewa nini. Chokoleti haikuleta maumivu kuliko karobu, hata kwa wanawake walioamini kwamba huwadhuru. Ndivyo ilivyo kwa wengi wanaodai kwamba kipandauso chao hutokana na shingo: shingo iliyokakamaa asubuhi mara nyingi ni dalili ya awali. Mwanga nao hulaumiwa vivyo hivyo, kwani macho huanza kuuona mkali mno kabla maumivu hayajafika.

Watafiti wa Denmark walilipima suala hili kwa njia ya moja kwa moja zaidi. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya wagonjwa 27 wa kipandauso chenye aura, yaani michirizi ya mwanga au giza linalotembea machoni kwa dakika 5 hadi 60, ambao wote walikuwa na uhakika kwamba mwanga unaomulika au mazoezi mazito huwaletea shambulio. Waliwekwa kwenye mwanga huo, wakakimbizwa, au yote mawili. Watatu tu walipata shambulio lenye aura, na wengine watatu walipata lisilo na aura. Hii haina maana kwamba waliobaki walidanganya. Ina maana kwamba kumbukumbu ya mgonjwa peke yake ni shahidi dhaifu.

Hata hivyo, wagonjwa wengi wanapoulizwa, majibu yao hufuata mpangilio wenye mafunzo. Katika uchunguzi wa Leslie Kelman wa mwaka 2007 uliohusu wagonjwa zaidi ya 1,200 nchini Marekani, msongo wa mawazo ulitajwa na karibu asilimia 80 ya waliokuwa na vichochezi, homoni na asilimia 65 ya wanawake, kukosa mlo na asilimia 57, hali ya hewa na asilimia 53, kuvurugika kwa usingizi na asilimia 50, harufu na asilimia 44. Vyakula vilikuja nyuma sana, kwa asilimia 27. Mpangilio huu unapingana na karatasi za ushauri ambazo huanza na kumalizia kwa orodha ya vyakula vya kukatazwa. Kukosa kula kuna madhara makubwa kuliko kile kilicholiwa, na ushauri unaosisitiza makatazo unaweza kumfanya mgonjwa ale kidogo zaidi, apate mashambulio zaidi, kisha aongeze makatazo.

Njaa, basi, ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa hutokea mara nyingi na huzuilika kwa gharama ndogo. Wanaodhurika zaidi ni wale ambao siku zao hazina ratiba ya chakula: dereva wa bodaboda anayesubiri abiria mpaka saa nane mchana, mwanafunzi anayetoka nyumbani alfajiri bila chai, mwuzaji wa sokoni anayekula mara moja jioni. Kiporo cha viazi, ndizi mbili au karanga za kukaanga zilizofungwa mfukoni saa nne asubuhi huweza kumwepusha mtu na siku nzima ya kulala gizani. Chakula kinachomeng'enywa polepole, kama maharage au uji wa nafaka isiyokobolewa, husaidia kuliko andazi na soda, ambavyo hupandisha sukari ya damu kwa haraka kisha kuiacha ishuke. Maji ni sehemu ya jambo hilo hilo, hasa mahali pa joto kama pwani, ambako mtu hupoteza maji mengi kwa jasho kabla hajahisi kiu.

Mwezi wa Ramadhani huweka vichochezi kadhaa pamoja: njaa, kiu, usingizi uliokatwa na daku, na kahawa au chai iliyoachwa ghafla. Mwaka 1999 madaktari wa Saudi Arabia walieleza maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza ya Ramadhani: karibu wafungaji wanne kati ya kumi miongoni mwa wafanyakazi wa hospitali yao waliumwa, ilhali miongoni mwa wasiofunga ni chini ya mmoja kati ya kumi. Waliokuwa wakinywa kahawa nyingi ndio waliopatwa zaidi. Mwenye kipandauso anayetaka kufunga hana budi kuanza matayarisho mwezi wa Shaabani, kwa kupunguza kahawa na chai kidogo kidogo kwa wiki mbili au zaidi. Daku iliwe karibu na alfajiri, isirukwe. Maji yanywewe kwa vipindi tangu futari. Usingizi wa mchana ufidie ule wa usiku. Daktari anaweza pia kupanga dawa ya kuzuia inayodumu mwilini muda mrefu, inayomezwa wakati wa daku. Anayeshambuliwa vikali licha ya hayo ana ruhusa ya mgonjwa, ambayo dini yenyewe imeiweka, na hapaswi kuionea haya.

Kafeini inahitaji maelezo yake, kwani huponya na kudhuru. Kiasi kidogo huharakisha kazi ya dawa za maumivu, na ndiyo sababu baadhi ya vidonge huchanganya parasetamoli na kafeini. Lakini mwili uliozoea kiasi cha miligramu 200 au zaidi kwa siku, ambacho ni kama vikombe viwili vya kahawa nzito, huumia ukikinyimwa: maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho na yanaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Anayekunywa kahawa chungu kila asubuhi ya kazi na kulala mpaka mchana siku ya Jumapili huweza kuamka na kichwa kinachogonga bila kujua kwamba ni kikombe kilichochelewa. Kinachotakiwa ni kiasi kidogo kisichobadilika, au kuacha kabisa kwa kupunguza taratibu. Wanaotumia chai ya rangi nzito, soda aina ya kola na vinywaji vya kuongeza nguvu wavihesabu pia.

Jumapili hiyo ina matata mengine. Msongo wa mawazo hufahamika kuwa kichochezi, ila hatari yake haiko tu wakati unapopanda. Mwaka 2014 Richard Lipton na wenzake wa New York walionyesha, kwa shajara za kila siku, kwamba shambulio lilitokea zaidi msongo uliposhuka kutoka siku moja hadi nyingine. Mwanafunzi huvuka mitihani salama akaanguka siku ya kufunga shule. Mhasibu humaliza hesabu za mwaka, akapoteza likizo yake kitandani. Haisaidii kumwambia mtu asiwe na mawazo, hasa anayelea watoto peke yake au mwenye deni. Kinachowezekana ni kupunguza ukali wa mshuko: mapumziko mafupi ndani ya wiki ya kazi badala ya kuyalimbikiza mwishoni, kutembea dakika chache kabla ya kuingia nyumbani, kuvuta pumzi polepole kwa mpango. Usingizi hufuata kanuni ile ile. Kulala sana hudhuru kama kulala kidogo, na saa ya kuamka ndiyo muhimu zaidi kuishika, hata siku ya mapumziko. Wauguzi, walinzi na madereva wa masafa wanaofanya zamu za usiku wana haki ya kuomba zamu zisibadilishwe kila wiki, na cheti cha daktari kinaweza kuwasaidia katika hilo.

Kwa wanawake wengi kichochezi chenye nguvu kuliko vyote ni kushuka kwa homoni ya estrojeni siku chache kabla ya hedhi. Mashambulio hujikusanya kati ya siku mbili kabla ya damu kuanza na siku ya tatu ya hedhi, huwa marefu, na hayasikii dawa kirahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Brian Somerville wa Australia aliwadunga wanawake estrojeni kabla ya hedhi. Hedhi ilikuja kwa wakati wake lakini kipandauso kilichelewa, na hapo ikadhihirika kwamba mshuko wa homoni ndio unaochochea. Kwa sababu hiyo hiyo wengi hupata nafuu katika miezi sita ya mwisho ya ujauzito, kisha ugonjwa hurudi baada ya kujifungua. Homoni hiyo haiepukiki, ila siku zake hujulikana. Mwanamke mwenye mzunguko usiobadilika anaweza kuzilinda siku hizo tano au sita kwa kulala na kula kwa wakati, na daktari anaweza kumpa dawa ya kumeza kwa siku hizo tu. Jambo moja halipaswi kupuuzwa: mwenye kipandauso chenye aura asitumie vidonge vya majira vyenye estrojeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani linavikataza kwake katika umri wowote, na njia zenye homoni ya projestini pekee zipo. Anayekwenda kliniki ya uzazi wa mpango aseme kuhusu michirizi machoni hata asipoulizwa.

Mwanga na harufu huchanganya, kama ilivyoelezwa, kwa kuwa huweza kuwa kichochezi au dalili. Panapo ushahidi wa kujirudia, hatua ni nyepesi: kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua nje, kiti kisichotazama dirisha, kubadilisha taa inayotetemeka. Miwani ya giza isivaliwe ndani mchana kutwa, kwani macho huzoea giza na mwanga wa kawaida ukazidi kuumiza. Kwa upande wa harufu, pafyumu kali, rangi mbichi, petroli, udi, ubani na moshi wa mkaa ndivyo vinavyolalamikiwa. Jiko likitolewa nje au dirisha likifunguliwa, mapafu ya watoto nayo hunufaika. Nyumba yenye desturi ya kufukiza inaweza kufukiza mgonjwa akiwa hayupo, na kumwomba mwenzako kazini apunguze manukato si dharau ikisemwa kwa adabu.

Kuhusu vyakula, pombe ndiyo yenye ushahidi mzuri kiasi. Jibini iliyokomazwa, soseji na nyama za makopo zenye nitriti, na viungo vya mchuzi vya viwandani vyenye glutameti huwadhuru baadhi ya watu, lakini ushahidi wa jumla ni dhaifu. Anayeshuku chakula aache kimoja tu kwa wiki nne, kisha akirudishe na kuangalia. Kuacha vitano kwa pamoja hakumwelezi lolote, na kwa mtoto au mjamzito kunaweza kuleta upungufu wa lishe. Kwa hali ya hewa hakuna la kufanya ila kujilinda zaidi katika mengine siku za joto kali au dhoruba.

Njia ya kupata ukweli ni daftari linalojazwa kila jioni kwa miezi mitatu: saa za kulala na kuamka, milo na nyakati zake, kafeini, hedhi, kiwango cha msongo, dawa iliyomezwa, na kama kichwa kiliuma, kuanzia saa ngapi. Siku njema ziandikwe kwa uangalifu ule ule, na hapo ndipo wengi huteleza. Anayekunywa chai kila siku ataikuta chai kabla ya kila shambulio, na hilo halithibitishi kitu mpaka aone siku ngapi alikunywa chai akabaki mzima. Kitu kinastahili kuitwa kichochezi kikitangulia mashambulio mengi ndani ya saa 24 hadi 48, na kikikosekana siku nyingi zilizo salama. Miayo na hamu ya sukari ziandikwe mahali pake, kama dalili.

Kuepuka nako kuna mpaka. Mtu anayekwepa kila mwanga, kila safari na kila harusi hupungukiwa na maisha, na ubongo wake huzidi kutovumilia. Jaribio la mwanasaikolojia Paul Martin wa Australia, lililochapishwa mwaka 2014, lilionyesha kwamba kuwafundisha wagonjwa kukabiliana na baadhi ya vichochezi kidogo kidogo kulipunguza maumivu kuliko kuwaambia waviepuke vyote. Njaa na kukosa usingizi haviingii katika mazoea hayo; mwanga, kelele na msongo vinaweza kuingia. Mazoezi ya mwili, ambayo wengine huyaogopa, yalipimwa nchini Sweden mwaka 2011: dakika 40 mara tatu kwa wiki zilipunguza mashambulio kwa kiasi kilichokaribiana na topirameti, dawa ya kuzuia kipandauso.

Dawa za maumivu zenyewe huweza kugeuka kichochezi. Anayetumia parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani (dawa maalumu za kutuliza shambulio la kipandauso), dawa za mchanganyiko au zenye kodeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yumo hatarini kupata maumivu ya kichwa yanayotokana na dawa. Huyu hahitaji kidonge chenye nguvu zaidi, anahitaji msaada wa daktari ili aache.

Afrika Mashariki ina hatari yake ya pekee: maumivu ya kichwa na kutapika huchukuliwa kuwa malaria, na mgonjwa hutibiwa malaria mara kwa mara pasipo kipimo. Kipimo cha haraka cha damu hutoa jibu kwa dakika chache na kisipuuzwe, wala kisifanye ugonjwa mwingine usahaulike. Maumivu yanayolipuka ghafla kuliko yote yaliyowahi kutokea, yanayoambatana na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja, degedege au kuchanganyikiwa, yaliyofuata kuumia kichwa, yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50, au yanayompata mjamzito, aliyejifungua karibuni au mwenye virusi vya Ukimwi, yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na anayepoteza siku nne au zaidi kila mwezi licha ya kuvidhibiti vichochezi vyake ana sababu ya kuomba dawa ya kuzuia. Propranololi, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo, ni ya bei nafuu, ingawa haimfai mwenye pumu. Hupewa wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuamuliwa kama imesaidia, na uamuzi huo hufanywa kwa kulinganisha kurasa za daftari za kabla na za baada yake.